Nilimuachisha Exauce ziwa njiani

Jumamosi, mwezi wa tisa. Mvua bado. Mbingu nyeupe kama majivu, na majivu yenyewe yamejaa mpaka ndani ya nywele zangu.

Naandika kwenye simu, nimekaa kwenye mukeka wa mama yangu, miguu ndani ya beseni. Jua linashuka. Nataka niseme yote leo, maana kesho nitaanza kujitafutia sababu.

Nimetoka Kalemie saa kumi na moja asubuhi, Exauce mugongoni. Ana mwaka mmoja na miezi tisa. Nimemleta abaki kwa nkambo yake, mama yangu, maana Jumatatu naanza masomo ya kushona, na walishasema mama anayenyonyesha hapana. Mimi niliacha shule darasa la sita. Kukaa mbele ya mashini ya kushona nimekuota miaka yote.

Lakini mutoto wa kuachwa lazima kwanza aache ziwa. Aliyenisindikiza ni wifi yangu, Mama Chantal, dada mukubwa wa bwana yangu. Kabla hatujatoka alinipa pilipili ya kusaga, amechanganya na mafuta ya mawese.

"Paka yote mbili. Mafuta ndiyo itashika. Akionja mara moja, mangaribi amesahau."

Nikapaka. Hata nilicheka.

Pikipiki ilitufikisha mwisho wa barabara. Kutoka pale ni miguu, na ile mbuga wawindaji wameichoma yote. Hakuna kivuli, hakuna ndege. Udongo mweusi, mawe, na joto linapanda kutoka chini kama unatembea juu ya mbabula yenye makaa. Watu husema kwetu hakuna jangwa. Waje mwezi wa tisa.

Tulikunywa maji ovyo, tukijua tutajaza mutoni. Kufika mutoni, muchanga. Mama Chantal alichimba kwa mikono mpaka kwenye viwiko. Chini pia muchanga.

Kwenye chupa kulibaki kama kikombe kimoja. Na nusu ya njia.

Exauce akaanza kulilia ziwa. Si kilio cha kudeka. Midomo ilikuwa imekauka, anavuta blauzi yangu. Na mimi nimejaa maziwa mpaka yanauma, na jasho limeisambaza ile pilipili, kifua chote kinawaka.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilifikiri, kikombe kitaisha sasa hivi, lakini nikiosha ziwa atanyonya mpaka tufike. Nikamwaga nusu ya yale maji kifuani, nikasugua na kitambaa. Exauce akalidaka ziwa kwa furaha yote. Kisha akaliachia, akapiga kelele, akanitazama.

Sijawahi kutazamwa vile na muntu.

"Umemwaga maji ya mutoto," Mama Chantal alisema. "Mawese haitoke na maji. Hata sahani tunaosha na sabuni. Ulifunzwa jiko gani, weye?"

"Si ni wewe ulichanganya?"

"Nilikuambia upake. Sikukuambia uoshe."

Maji yaliyobaki Exauce aliyamaliza kwa funda tatu, akalamba mudomo wa chupa. Tukaendelea. Baada ya saa nzima alinyamaza. Kimya cha mutoto kwenye jua, sitaki hata adui yangu akisikie.

Ni Mama Chantal aliyenikalisha chini. "Kamua. Si uko na maziwa? Kamua kama mbuzi."

Ya kwanza tuliyamwaga yaoshe pilipili. Majivu yakayanywa mara moja. Kisha akanishikia kifuniko cha chupa, nikakamulia mule. Akaonja yeye mwenyewe, akakunja uso.

"Bado inawaka. Endelea."

Kifuniko cha nne ndicho alichompa Exauce. Alinusa, akageuza uso, akarudi, akanywa. Na kingine. Na kingine. Alikishika kwa mikono miwili, macho kwenye kifuniko, si kwangu.

Tulifika saa tisa. Mama yangu alimpa maji kidogo kidogo, akamupa uji, akamwogesha. Mimi niliosha kifua na sabuni mara tatu, nikaonja kwa kidole: safi. Nikajiambia, mara moja tu ya mwisho, anisamehe. Nikafungua blauzi, nikamuita.

Alikuja. Akasimama, akaliangalia ziwa. Halafu akaenda kwenye kikapu cha Mama Chantal, akatafuta, akarudi na kifuniko. Akaninyooshea.

"Unaona? Ameacha," Mama Chantal alisema. Hakucheka.

Nikamkamulia. Ningefanya nini?

Sasa amelala karibu na mama yangu. Kesho narudi njia ile ile, mugongo mutupu, na maji ya kutosha. Jumatatu nitakaa kwenye mashini, hilo sitalirudisha nyuma. Nguo ya kwanza nitakayoshona ni kaputula yake.

Nimempima kiuno na uzi, polepole, asiamke. Nikaongeza vidole viwili, maana siku nitakapojua kushona atakuwa amekua.

Viwili vitatosha?