Namba ya Kisimani

Nyumbani kwa mama,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

U hali gani huko, mdogo wangu? Wifi hajambo? Na wanao, bado wanakohoa kwa ile baridi yenu? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauna raha. Ukiona madoa kwenye karatasi, nivumilie.

Tangu tumzike baba nimekuwa nikikwambia kwenye simu kwamba mama anaendelea vizuri, na niliamini hivyo kwa dhati. Haya ya leo hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakikumbuka kile kidude alichokitundika baba kisimani alipostaafu kazi ya kupima maji kwenye matangi ya mji? Kijibomba cha chuma, kinene kama kidole gumba, kimezama hadi karibu na sakafu. Kinahisi uzito wa maji yaliyo juu yake na kutuma habari kwa waya mpaka kwenye kioo cha namba pale jikoni. Wewe ulimtania baba kwamba ameshindwa kuacha kazi, sasa anamwajiri mama. Kumbe alichoka kumwona mama akiinama ukingoni kuchungulia maji.

Maghorofa ya jirani yamechimba visima virefu, na vya mtaa mzima vimekauka. Chetu hakikukauka. Kila Jumapili nikija nakuta kioo kinasoma mita moja na ushei. Nikavimba kichwa, nikawatambia majirani kwamba baba alijua pa kuchimba.

Makubaliano yetu na mjomba unayajua: kisima kikikauka, mama anahamia kwangu. Basi juzijuzi muuza maji akanisimamisha getini.

"Dada, hivi mama yenu anafua mashuka ya hospitali nzima? Kila siku mikokoteni miwili!"

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikaja bila kumwarifu. Nilimkuta uani, gauni kalikunja hadi magotini, anamimina ndoo ya maji ya kununua ndani ya kisima. Anamimina, anaingia jikoni kutazama kioo, anatoka na kubeba ndoo nyingine. Sikujua nicheke au nilie, mdogo wangu. Nililia.

Nilidhani anaogopa kuhamishwa. Nikamwambia hakuna atakayemlazimisha. Akaigeuza ndoo, akaikalia, pumzi zinamwenda mbio.

"Nani kasema habari ya kuhama? Baba yenu akiamka alikuwa anaitazama hiyo namba kwanza, ndipo anisalimie. Miaka yote hiyo. Sasa ikifika sifuri, mimi niamkie nini?"

Nikamfuta jasho kwa kanga yangu. Wewe labda ungemchekesha, maana kwa mama ni wewe tu unayemjulia.

Nilimpeleka kwa daktari kwa ajili ya zile pumzi. Moyo wake umechoka, amekatazwa kubeba chochote. Basi ndoo nimezifungia kwenye chumba chetu cha zamani, na tangu hapo mama amenuna, hasemi nami ila la lazima. Nimechukua likizo, nalala hapa. Ardhi inayanywa yale maji polepole na namba inashuka. Kila asubuhi anasimama mbele ya kioo mpaka chai inapoa. Leo hayafiki hata shubiri mbili.

Naona uchungu kuliko siku ya mazishi, nikuambie ukweli. Siku ile tulikuwa wengi.

Mjomba anasema nimwache apoe. Yeye hamwoni asubuhi. Sikuiti uje kuamua mambo ya nyumba, hayo tutayamaliza wenyewe. Njoo usimame naye pale jikoni, basi. Mimi ndiye niliyezificha ndoo, kwa hiyo hataki niwe karibu.

Msalimie wifi, wabusu wanao, waambie shangazi yao anawawaza. Mjomba anakusalimu, na yule fundi aliyefanya kazi na baba kwenye matangi anaulizia habari zako kila tukikutana.

Mama hakutumii salamu, kwa kuwa sikumwambia kama nakuandikia. Lakini asubuhi hii, akiwa amenipa mgongo, ameniuliza ndege za kutoka huko kwenu hufika siku gani.

Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Wako akupendaye na kukungoja,
Dada yako