Neno Nililolimeza Mapokezi

Kirumba, Mwanza
Jumanne

Dada Pendo,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha humo mpaka karatasi iishe. Siku nilipompeleka Baba Mkubwa hospitali, yeye alinituma niseme ngiri, mimi nikasema tumbo. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Sasa shikamoo, dada. Hamjambo huko Nansio? Mgongo wa mama unaendeleaje, na muhogo mmeshauvuna au mmeuacha kidogo ardhini? Mimi mwili ni mzima. Matokeo ya kidato cha nne bado nayasubiri, na cherehani ninajifunza kwa mama jirani. Nimefika kwenye kola, na kola zinanitesa.

Nakumbuka mlipopiga simu mliambiwa Baba Mkubwa amefanyiwa upasuaji kwa sababu utumbo ulijikunja. Si uongo, ila si yote. Baba Mkubwa ana ngiri, tangu zamani alipokuwa akibeba mwenyewe magunia ya dagaa kutoka mitumbwini hapa mwaloni. Ilikuwa ikishuka mpaka sehemu ya siri, naye analala chali, anairudisha taratibu kwa mkono, kisha anaendelea na kazi zake. Aliyejua ni Mama Mkubwa peke yake. Hata kaka Majura, mtoto wao, alikuwa hajui.

Mchana ule Mama Mkubwa alikuwa Kisesa msibani, na kaka Majura alikuwa dukani kwake anakouza simu. Nyumbani nilikuwa mimi. Baba Mkubwa alirudi kutoka mwaloni ameinama, jasho linamtoka, akatapika mlangoni. Nikaita bajaji. Njiani akanishika mkono, akasema bila kuniangalia, "Mwanangu, tukifika waambie ngiri imeshuka, leo imegoma kurudi. Mimi sitaweza kuongea."

Nikaitika, "Ndiyo, baba."

Mapokezi ya wagonjwa wa dharura pale ni dirisha tu. Watu wanapanga foleni mgongoni mwako na kila mtu anasikia ya mwenzake. Nyuma yangu alikuwa amesimama mwalimu wetu wa kwaya, ameleta mtoto aliyeanguka. Nesi akauliza, "Mzee anaumwa nini?"

Dada, wewe unanijua. Darasani nilikuwa nikijua jibu nangoja mwingine alitoe. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikajiona ninamtaja baba yangu mkubwa sehemu ile, mbele ya wanaume, na mwalimu wa kwaya anasikia. Nikasema, "Tumbo."

"Tumbo tu?"

"Tumbo na kutapika."

Nesi akainua macho, akaniangalia, akauliza tena, "Hakuna kingine?"

Nikatikisa kichwa. Akaandika.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, Baba Mkubwa ameegemea bega langu. Daktari alipokuja alikuwa kijana, na alikuwa na wagonjwa wengi, hilo niliona kwa macho yangu. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akauliza maumivu yameanza lini, Baba Mkubwa akasema mchana. Akauliza kama huwa ana vidonda vya tumbo, Baba Mkubwa akasema hajui. Basi. Hakumlaza kitandani wala hakumfungua shati. Baba Mkubwa naye alidhani wameshaambiwa, kwa hiyo hakurudia. Akachomwa sindano ya maumivu, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, tukaambiwa twende nyumbani na akizidiwa turudi.

Alizidiwa. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa na limekaza, kaka Majura akamkimbiza hospitali nyingine, na huko wakampasua siku hiyo hiyo. Daktari aliyempasua alimwambia kaka kwamba kipande cha utumbo kilinasa kwenye ngiri, kikakosa damu, kikaoza, ikabidi wakikate. Akasema kama kingeonekana jana yake, huenda kisingekatwa. Sasa Baba Mkubwa amewekewa mfuko tumboni, choo kinapita humo, mpaka atakaporudishwa tena chumba cha upasuaji wamuunganishe. Mtu uliyezoea kumsikia mwaloni kabla hujamwona, sasa anashinda ndani amejifunika kanga ya Mama Mkubwa ili wageni wasiuone mfuko.

Kaka Majura anataka kuwashtaki wale wa hospitali ya kwanza. Jumapili moja baada ya chakula walibishana mpaka nikasahau kutoa vyombo.

Mama Mkubwa akasema, "Ile ndiyo hospitali iliyo karibu yetu. Ukishawapeleka mahakamani, siku nikianguka mimi utanipeleka wapi? Ng'ambo ya ziwa, Busisi?"

"Nitakupeleka kokote wanakogusa wagonjwa, mama."

"Na huyo daktari ana mama yake pia."

"Mama yake hajawekewa mfuko."

Baba Mkubwa akasema, "Mnanijadili kama ng'ombe wa mahari, na ng'ombe mwenyewe yupo hapa anasikia." Akaendelea, "Mimi nataka yule kijana akae kwenye kiti hiki, anieleze kwa nini hakuniangalia. Kama mpaka mahakama ndiyo imlete, haya."

Kaka akapeleka malalamiko hospitalini na kuomba nakala ya karatasi za matibabu. Wiki iliyopita akanichukua twende kwa wakili. Wakili ni mama mtu mzima, anaongea taratibu, nikampenda. Alisema, "Kutibiwa vibaya ni jambo moja, kesi ni jambo jingine. Lazima tuoneshe walipaswa kufanya nini, hawakufanya nini, na kwamba haya madhara yametokana na hilo, si na kitu kingine. Wenzetu watakitafuta hicho kitu kingine kwa tochi." Kisha akasoma karatasi. "Hapa wameandika tumbo na kutapika, kwa maelezo ya ndugu. Ndugu ni nani?"

"Huyu hapa," kaka akasema. "Baba alimtuma aseme ngiri, na aliwaambia kila kitu, wao ndio walioandika nusu. Mama, huyu ukimkanyaga mguu anakuomba samahani yeye. Hawezi kudanganya."

Wakili akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Sikusema ndiyo, dada. Sikusema hapana pia. Niliangalia viatu vyangu, na wote wakaona ni aibu yangu ya siku zote. Wakili akasema turudi Ijumaa hii, nitoe maelezo yangu yaandikwe, kisha niape kwamba ni ya kweli.

Ningeweza kuendelea kuangalia viatu, lakini juzi nilikutana na yule nesi sokoni, anachagua nyanya. Alinitambua kabla yangu. "Wewe si binti wa yule mzee? Anaendeleaje?" Nikamweleza. Akaziweka nyanya chini, akasema pole, na ilikuwa pole ya kweli. Halafu akasema, "Nimeandikiwa barua nijieleze kwa nini niliandika nusu ya maelezo. Nakumbuka nilikuuliza mara mbili. Kuna kitu uliniambia nikakiacha?"

Alikuwa hanitegi, dada. Alikuwa anajiuliza mwenyewe kama amekosea. Mimi nikamwambia nachelewa nyumbani, nikaondoka na mchicha wa watu nikiwa sijalipa. Ilibidi nirudi kulipa, na nilimngoja kwanza atoke.

Tangu hapo nalijadili hili peke yangu. Nikisema, kaka ataona nimeiua kesi ya baba yake. Nikinyamaza, yule nesi atabeba kosa langu na mimi nitakuwa nimeapa uongo. Lakini kuna kitu kimoja ninakirudia, na naomba uniambie kama ni cha kweli au ninajitetea tu. Nilisema tumbo, na hata hilo tumbo daktari hakuligusa. Angemlaza na kumfunua angeona mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Kwa hiyo kosa langu lipo, na lake lipo. Sijui sheria inayapima vipi makosa mawili yaliyomwangukia mgonjwa mmoja.

Naacha hapa kwanza, Mama Mkubwa ananiita.

Jumatano

Dada, nimemwambia.

Asubuhi Mama Mkubwa alipotoka nilimpelekea Baba Mkubwa uji. Nikasimama pale mpaka akauliza kama namsubiri amalize nichukue kikombe. Nikasema, "Baba, siku ile sikusema."

"Hukusema nini?"

"Ile uliyonituma."

"Nilikutuma nini?"

Nadhani alishaelewa, ila alitaka nimalize. Nikasema, "Ngiri." Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka.

"Ukasema nini badala yake?"

"Tumbo."

Akaukoroga uji ambao ulikuwa umeshapoa. Nikawa nasubiri anifukuze nirudi huko kwenu. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka huku ameshika mshono. "Usinichekeshe, nyuzi zitakatika," akasema, kama vile mimi ndiye niliyeanza. Halafu kicheko kikaisha na uso ukabadilika. "Nimeificha miaka yote, mimi mtu mzima na ndevu zangu, hata Majura sikumwambia. Halafu nikampa mtoto wa kike akaitangaze dirishani. Pole, mwanangu."

Mimi ndiye niliyekwenda kumwomba msamaha, dada, na nikaambiwa pole. Hapo ndipo nililia.

Lakini usinione mtakatifu. Aliponiacha nikalia kidogo, akasema, "Ila tulikaa pale kwenye benchi muda mrefu. Ungeninong'oneza kwamba hukusema, ningejikaza nikasema mwenyewe." Alisema bila hasira. Hilo naona nitaishi nalo.

Nikamweleza habari ya yule nesi na barua aliyoandikiwa, kisha nikamuuliza kesi itakuwaje. Akasema, "Ijumaa nakwenda na mimi, na mfuko wangu. Utasema kama ulivyoniambia, na yule nesi aondolewe kwenye hiyo barua yake. Halafu mimi nitamuuliza wakili swali moja tu: mtu akisema tumbo, daktari ana ruhusa asiliangalie? Akisema anayo, tunaacha. Akisema hana, tunaendelea na kosa lake peke yake, lako tumeshaliweka mezani."

"Na kaka Majura?"

"Majura atapiga kelele, atachoka, ataomba chakula."

Sijui wakili atajibu nini. Labda kesi itasimama, labda itaanguka pale pale ofisini. Ninachojua ni kwamba nitakachoapa Ijumaa ni kilichotokea.

Mpe baba shikamoo yangu, na mama, na bibi mwambie kitambaa alichonipa bado sijakikata, nasubiri mkono uwe mzuri. Mdogo wetu Kulwa asome, asiniige kwa unyamavu. Shemeji pia msalimie kwa heshima.

Barua hii anakuletea mama jirani, anapanda meli kesho asubuhi. Sikutaka kupiga simu kwa sababu simu ninayotumia ni ya Mama Mkubwa, naye bado hajui, wala kaka, wala huko nyumbani. Ukiisoma, nakuomba usimpe baba. Atampigia kaka hapo hapo, na Ijumaa nitafika kwa wakili watu wameshanisemea tena. Ikae kwako mpaka Ijumaa ipite, dada. Usimwambie hata mama, hata akikuuliza mbona umenyamaza.

Mdogo wako,
Rehema