Kengele ya Dawa za Shosho

Euless, Texas, Jumapili

Na kanisani nilishatangaza mimi ni injinia.

Wiki hii Shosho, nyanya yangu, alisahau, akameza dawa ya presha mara mbili, Mama akashinda siku nzima akimpima. Nikajigamba nitamtengenezea kengele ya kumkumbusha: kachipu ka kompyuta ka bei ya soda mbili, ubao mweupe wa matundu wa kuchomekea nyaya, na akili yangu, ambayo ni ya bure.

Leo baada ya chakula nikawaita wote. Nikawasha. Chipu ikawaka, kengele kimya. Nikalaumu chipu, nikalaumu hata joto la Texas.

Mama alikuwa ameshavaa sare ya unesi. "Injinia, umefuata waya kutoka mwanzo?"

"Mama, hii si dripu."

"Nyamaza." Akaweka kidole kwenye mstari mwekundu wa umeme ubavuni mwa ubao, akaufuata polepole kama mrija wa mgonjwa, akasimama katikati. Mstari umekatika hapo, ndivyo ubao ulivyotengenezwa. Kengele yangu ilikuwa kwenye nusu isiyo na umeme.

Nikaunganisha nusu mbili kwa kawaya. Ikalia.

Shosho akauliza, "Na kama nimeshameza, itajuaje?"

Hilo, kusema kweli, sikuwa nimelifikiria.

Mama akanikabidhi chupa ya dawa. "Mpaka hiyo ijue, kengele ni wewe. Saa moja asubuhi."

Nime-set alarm tatu kwenye simu. Kama nitaamka, hilo pia sijui.