Hatuoshi Madirisha ya Matanga

Kijijini Tulia, Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna.

Kwi, kwi, kwi. Gazeti lililoloa likisugua kioo. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha saa kumi na mbili asubuhi, na bado ninayo masikioni ninapoandika. Kwa muda wa pumzi mbili niliamini mwaitu, mama yangu, amerudi. Hapa kwetu ni mama pekee anayeosha madirisha, kila Jumamosi, kwa maji yenye siki na magazeti ya zamani, akiligombeza vumbi la barabara kana kwamba linamsikia.

Kisha nikakumbuka kwamba mama yuko hospitalini Kitui tangu Jumatano. Aliyekuwa dirishani ni Anti Mumbua, mdogo wake, aliyefika jana kutoka Tawa.

Niandike mambo yalivyo, kwa sababu sijamwambia mtu ukweli wote. Mama ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi na ametokwa na damu nyingi. Painti moja ya damu iliyokuwepo walimwekea. Daktari anataka kumpasua, lakini damu yake iko chini mno na akiba ya hospitali imeisha. Tuliambiwa tutafute watu wa kuchangia. Baba ana presha, walimkataa. Alhamisi nikaenda mimi. Muuguzi akaniuliza nimekula nini.

Sikuwa nimekula chochote. Jumatano jioni akina mama wa ushirika kanisani walitangaza mfungo kwa ajili ya mama, maji tu, nami nikaongeza nadhiri yangu: sitakula hadi atoke salama chumba cha upasuaji.

"Nenda ule, halafu urudi," muuguzi akasema.

Nilirudi nyumbani, na sikula.

Nimesoma hadi chuo kikuu. Najua njaa haijazi mfuko wa damu. Lakini nilifikiri, nikivunja nadhiri kisha mama afe, nitabaki maisha yangu yote nikilaumu kijiko kimoja cha chakula. Huo ulikuwa woga, nami nikauita imani. Jana kutwa nilipiga magoti nikimwomba Mungu alete watu wa kutoa damu, huku yangu nimeikalia.

Leo asubuhi nilipotoka nje nilikuta nyasi za uani zimefyekwa. Viti vya plastiki vya kanisa, thelathini hivi, vilikuwa vimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza Anti kwa nini anaosha madirisha.

"Watu watakuja, Mwende."

"Watu gani?"

Alipulizia kioo pumzi, akasugua. "Watu huja tu."

Nikaelewa. Jirani yetu alipofariki niliona haya haya: nyasi, viti, kisha madirisha, siku moja kabla mwili haujaletwa nyumbani. Anti alikuwa anaandaa boma kwa msiba.

Nilimpokonya gazeti. Sijawahi kumfanyia mtu mzima hivyo.

"We mwana! Sasa unaninyang'anya vitu mkononi?"

"Hatuoshi madirisha ya matanga hapa, Anti. Mama hajafa."

Nilitarajia anigombeze. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia mikono yake. "Usidhani sina imani," akasema. "Nimeomba mpaka maneno yakaisha. Mikono ndiyo imekataa kukaa bure."

Basi nikamwambia kuhusu muuguzi.

"Yaani damu ya dada yangu ilikuwa imesimama hapa na miguu miwili, ikarudishwa kwa sababu ya njaa?"

"Ndiyo, Anti."

"Na shule yote hiyo." Akatikisa kichwa. "Washa moto."

Kabla ya kuwasha nilisimama mbele ya kioo kile kilichosafishwa nusu, nikaomba. Sikuomba ishara. Nilimwambia Mungu kwamba navunja nadhiri yangu, macho wazi, na kama kuna lawama aiweke kwangu, asimguse mama. Halafu nikaona hata maombi hayo yalikuwa biashara ileile ya woga. Nikayafuta. Nikasema tu: nisaidie.

Nikapika uji wa wimbi, sufuria kubwa.

Saa mbili akina mama watano walifika kwa maombi. Nilijaza kikombe, nikanywa mbele yao nikiwa nimesimama. Mama Kioko, mwenyekiti wa ushirika, alikunja uso. "Mwende, na mama bado hajapasuliwa?" Nikawaeleza yote, hata ile Alhamisi.

Mama Kioko ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kuchukua kikombe. "Damu yangu ni ya zamani, sijui kama wataitaka. Lakini ongeza sukari. Kama tunavunja, tuvunje vizuri."

Walikunywa, wakaomba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, tukaenda Kitui kwa pikapu ya mzee mmoja wa kanisa. Kati yetu saba, watano tulikubaliwa. Mama Kioko alikataliwa kwa presha, akalalamika kama aliyenyimwa Meza ya Bwana. Sindano ilipoingia niligeuza uso. Sikufa.

Damu ikishapimwa, mama anaingia chumba cha upasuaji kesho asubuhi. Sijui itakuwaje. Naandika hivyo bila kujificha: sijui. Ila kesho nitaamka, nitakunywa chai na mkate, nitakuwa mlangoni pale.

Waliniruhusu nimwone kidogo. Midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Akauliza nani yuko nyumbani, nikamwambia Anti Mumbua, ameosha hadi madirisha.

"Mumbua?" Akafumba macho. "Huyo huacha michirizi."

Niliporudi nimevirudisha viti vyote kanisani, toroli mbili. Anti amenisaidia kusukuma. Kisha tukamalizia madirisha pamoja, sebule na vyumba, na kweli anaacha michirizi.

La jikoni tumemwachia mama. Mama atakaa wiki nyingi bila kuinua ndoo, na vumbi la Tulia halina huruma; acha lizidi tu. Nimeweka magazeti yake na chupa ya siki kwenye kizingiti cha dirisha hilo, na nimemwambia Anti asiliguse.