Kopo la Klorini Nililoongeza kwa Wema

Jumatatu, Bariadi. Jua limetoka mapema kama lina kesi na mtu. Mabomba ya mji yamekauka wiki nzima, na mimi sina hamu hata ya chai.

Mnanijua. Nimevuta semi mpaka Lubumbashi, nimegombana na polisi kwa lugha nne, na shule nimeishia darasa la saba. Siku hizi nina boza langu la maji. Mabomba yakikauka, kliniki binafsi ya figo inaniita mimi, na huwa natamba vijiweni: damu za watu wa Simiyu naziosha mimi.

Leo nimefunga mdomo.

Jana nikijaza maji kisimani nilikumbuka watu wanavyoharisha mtaani. Nikasema hawa wagonjwa wa figo, masikini, wasije wakapata na kipindupindu juu yake. Nikamwaga kopo zima la unga wa klorini kwenye boza, nikaenda kujaza matangi yao. Zawadi. Sikumwambia mtu.

Asubuhi fundi wa maji wa kliniki, dada Neema, akapima kama anavyopima kila siku kabla ya kuwasha mashine za kusafisha damu. Maji yakishapita kwenye chujio la mkaa, lile la kunasa klorini, ukiyatia dawa ya kupimia yanatakiwa kubaki meupe. Yakageuka pinki, pinki ya kitenge.

"Shemeji, umeweka nini humu?"

"Dawa, shem! Tena nimewawekea ya kutosha."

Nilicheka, jamani. Nilicheka.

Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto. Ukinywa klorini kidogo, tumbo linaimudu. Kwenye mashine maji yanapita jirani kabisa na damu. Klorini inapenya, inapasua chembe za damu za mtu akiwa amekaa kitini. Akafunga kila kitu. Matangi yamwagwe, mkaa ubadilishwe, na mkaa mpya uko Mwanza.

Mayu Kabula, mama mmoja wa Sola, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Miguu imevimba, anahema kama katoka kupanda mlima. Tangu Alhamisi hajasafishwa damu. Nikaenda kumwambia mwenyewe kwamba ni mimi.

Akanishika mkono. "Ng'wanawane, mwanangu, si ulitaka tupone?"

Bora angenitukana.

Wakampakia kwenye gari la kwenda Mwanza, akasafishwe huko. Simu ya mwanawe nimepiga mara sita. Inaita tu.

Boza nimelisuuza mara tatu. Kesho napeleka maji matupu, na nikifika, kabla sijafungua bomba, nitachungulia kile kiti cha dirishani.