Kolibri Wamehamia kwa Rosmira

Mpendwa Doña Berenice wa safu ya ushauri, naomba msaada kabla Jumapili haijafika, kwa sababu mimi ni mgane hapa mjini Jardín na tangu mke wangu afariki faraja yangu ni kamera na kolibri, wale ndege wadogo wanaovuma kama nyuki, nimewatundikia chupa bustanini, na mimi si bahili, siwapi sukari nyeupe ya dukani, nawapa maji ya panela, sukari guru halisi tuliyokuzwa nayo sote, na bado wamenikimbia, wamehamia kwenye chupa ya jirani yangu Rosmira, naye ananicheka ng'ambo ya ua, “Don Eliécer, usininunie bwana, mimi sijawaita! Njoo uwapigie picha huku, kahawa ipo,” nami nikajifungia ndani kwa hasira, na nimeamua kumshtaki kwenye kikao cha mtaa Jumapili aamriwe kuitoa ile chupa, ila usingizi sipati. Nimeambatisha picha uone ndege niliokuwa nao. Je, sina haki?

Eliécer

Pole kwa kufiwa, Don Eliécer. Pole nyingine sina.

Panela inakufaa wewe ukishikwa na mafua, si kolibri. Maji yake huchacha upesi na kuwadhuru, kwa hiyo waliokimbia wamekushinda akili. Mwaga yote, sugua chupa kwa maji ya moto, utie sukari hiyohiyo nyeupe unayoidharau, kikombe kimoja kwa vinne vya maji, bila kutia rangi.

Sasa hizo picha. Nimezitazama kwa miwani, kisha nikamwita dada yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Kila picha ndege ni doa la kijani lililofifia, lakini baraza la Rosmira nyuma yake linaonekana safi, hadi maua ya kitambaa cha meza! Katika moja yupo mwenyewe, anamenya ndizi, anakutazama na kucheka. Anajua, mzee wangu. Asiyejua ni wewe.

Unaogopa kwamba ukimpenda utakuwa umemsaliti marehemu. Nakuelewa, na inaniuma, lakini humsaliti. Ukimburuta Rosmira kikaoni kwa kosa la kukukaribisha kahawa, hatakukaribisha tena, na hapo ndipo utakapolia kweli.

Jumapili usikanyage kikaoni. Nyoa ndevu, mpelekee ile picha aliyomo akicheka. Panela nayo usiitupe, beba kipande, kwenye kahawa haimdhuru mtu. Kamera iache nyumbani.