Ndege wa Juzuu ya Pili

Jumanne, 13 Agosti 2024

Rawiya kaja tena. Wifi yangu huyu, tangu nduguye Bakr afariki na mimi nikakaa eda, haziishi siku mbili hajaingia. Vyema, ndiyo undugu. Lakini leo kahawa haijapoa kaniuliza: kile kitabu kikubwa cha ndege cha marehemu kiko wapi? Anakitaka akakiweke kwake, wanawe waone picha.

Picha! Rawiya! Huyu huyu aliyekuwa akiingia humu akikifunika kwa leso yake, eti nyumba yenye picha malaika hawaingii. Ramadhani iliyopita alikigeuza kifudifudi. Leo malaika wa kwake wamezoea?

Nikamwambia sijui nilikokiweka. Mungu anisamehe — kilikuwa juu ya kasha nyuma ya mgongo wake, chini ya nguo za pasi.

Ana jambo huyu.

Alhamisi, 15 Agosti

Kwanza nilidhani ni nyumba. Lakini nyumba hii alinipa baba nilipoolewa, kama wazee wetu huku Amu wanavyowapa binti zao, na Bakr aliingia na nguo zake na sanduku la spana. Rawiya hana lake humu na anajua. Basi ni kitabu chenyewe.

Nimekichunguza leo. Nimekiinua nikakitikisa mpaka viwiko vikaniuma. Kizito mno! Hakiingii kwenye kidaka chochote cha ukutani, ndiyo maana kinalala juu ya kasha. Ukaanguka unyoya mmoja na makombo ya biskuti. Basi.

Bakr alikinunua kwa Mzungu wa Shela aliyekuwa akihama. Maneno ni ya Kiingereza, lakini picha zinajisomea. Mgongoni kimepigwa namba 2 ya rangi ya dhahabu. Nilimwuliza, na cha kwanza? Akasema Mzungu alikipoteza. Nikaamini. 

Asubuhi alikuwa akikaa kiwandani, uani humu ndani, mbele ya mkomamanga. "Khairiya, ndoo uone!" Akiniita nije hivyo, nami mbio, mikono imejaa unga. Kumbe ni chozi tu, kadogo, kanang'aa kijani na zambarau, kamechomeka mdomo ndani ya ua. Tunalifungua lile dude, tunabishana: huyu, siye, huyu, wewe huoni kifua! Hakukubali kushindwa hata siku moja. Nyumba sasa imenyamaza mpaka nasikia maji ya birika yakianza kuchemka.

Jumapili, 18 Agosti

Sijalala vizuri. Nimekumbuka kitu.

Mwaka jana, tukila, Bakr alinihadithia habari za kulastara. Yule wa miguu mirefu, asimamaye mikokoni kama anayesubiri kuitwa. Akanieleza anavyojenga, mayai yake rangi gani, mume na mke wanavyopokezana kuatamia. Nikamwuliza, wewe fundi wa mashine za boti, hayo umeyajulia wapi? Akasema: "Nimesoma kitabuni."

Leo nimekipekua ukurasa kwa ukurasa. Kulastara hamna. Yangeyange hamna. Heroe, furukombe, bata — hamna! Ndege wa majini hata mmoja. Hawa wangu ni shore, chiriku, kunguru, mlamba, chozi. Wa majini watakuwa kwenye cha kwanza, kile kilichopotea.

Sasa mtu anasomaje kitabu kilichopotea?

Ijumaa, 23 Agosti

Ya Rabbi.

Niandike kama ilivyokuwa. Barka kaja baada ya swala. Ndiye yule mama wa Pate aniuzaye nazi na ukwaju, na kwa kuwa mimi ni kizuka wa eda, sitoki, huwa namwita ndani. Kitabu kilikuwa wazi mkekani. Kakiona tu, kacheka.

"Kumbe na nyinyi mnacho! Cha Bi Hindu, kwetu Pate, ni ndege wa majini tu."

Nikamwuliza, polepole, Hindu ndiye nani. Nyumba yake i ndiani kwangu, kasema, kila nikipita humuona. Mpole, mfuma kofia hodari. Sasa maskini hatoki, naye ni kizuka kama wewe. Mumewe alikuwa mtu wa Amu, fundi wa—

 Kaniangalia, kaangalia kitabu, kashika kikapu. Kaenda bila hata kuchukua pesa zake.

Nafunga daftari. Siandiki tena.

Jumamosi, 24 Agosti

Wiki kwangu, wiki Pate kwenye mashine. Nilikuwa nikimtania, mashine gani hizo zinazoharibika kwa zamu? Naye anacheka! Nami nacheka! Mjinga aliyejaa tele, mimi Khairiya.

Na mwaka ule wa corona, boti zilipozuiwa akanasa kule, nilikuwa nikilia kwenye msala: Ewe Mola, mpatie mtu wa kumpikia. Akampatia.

Usiku nilijidanganya labda ni hawara tu. Lakini hawara hakai eda. Halafu kitabu! Hawara hupewa doti ya leso, hupewa marashi, hupewa ahadi. Nusu kwa nusu hugawiwa mke. Tumeyasikia darasani tangu wadogo: mwenye wake wawili akaegemea kwa mmoja, Siku ya Kiyama atakuja ubavu umeinama. Bakr alinunua vitabu viwili, akaogopa ubavu wake. Kimoja huku, kimoja kule. Mungu alimwogopa, na mimi akanichekea usoni.

Haki gani hii! Nimekipiga kitabu teke. Kidole gumba kimevimba.

Jumatatu, 2 Septemba

Rawiya kaja na mkate wa mofa. Sikumkaribisha kukaa. Nikamwambia, Hindu hajambo?

Mkate ukamponyoka.

Kalia, kaapa, kasema Bakr alimfunga mdomo kwa kiapo. Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa akila kwangu, akinywa kwangu, na anajua! Nikamwuliza na kitabu alikitakia nini, apeleke Pate wapate jozi kamili?

Akasema ndiyo. Hivyo tu, ndiyo. Hindu ndiye aliyemtuma. Hataki kukichukua kabisa, anataka kumwona chozi halafu akirudishe. Kwake Bakr hakuwa na hadithi ila ya chozi wa kwenye mkomamanga wa Amu. Kila wiki chozi, chozi. Na huyo mwanamke kitabu chake hakina chozi, na nje akiangalia hajui ni yupi.

Mimi nikapewa kulastara wake. Yeye akapewa chozi wangu.

Nimemfukuza Rawiya. Nimemwambia chozi hatoki nyumba hii, awe wa karatasi, awe wa manyoya. Kisha nikaketi nikalia, na la kutia uchungu ni kwamba kilio chenyewe kilikuwa cha kumtaka Bakr. Nimtukane, ndiyo. Lakini awepo.

Mkate nimeuokota nikaula. Mtamu, laana.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetoka eda. Nimeoga, wanawake wamenifukiza udi, nimevaa nguo ya rangi. Wote wananiangalia usoni wakidhani sioni. Nani alijua? Huyu? Yule aliyekaa karibu na mlango anayemega kaimati kidogo kidogo? Sasa kila anayenipa pole nampima.

Rawiya alisimama nje barazani, hakuingia. Sikumwita.

Na kule Pate leo wanamfukiza mwingine. Siku ile ile, maiti mmoja.

Alhamisi, 12 Septemba

Mji umejaa wageni, mwezi wa Maulidi huu. Kila anayepita ndiani namdhania ni Hindu.

Nimekaa kiwandani na kitabu, nataka kukifungia kwenye kasha na ufunguo niutupe. Hodi mlangoni! Sauti ya mwanamke. Siijui.

Nimepanda kuchungulia dirishani. Kavaa buibui, peke yake, viatu vina chumvi ya boti. Si mrembo! Nilitaka awe mrembo, ningejua la kumchukia. Mtu mzima kama mimi, kachoka, kabana mbavuni furushi la mraba, zito, mpaka bega limeinama. Na alichofungia ni kile kikoi cha buluu cha Bakr chenye kiraka, kiraka nilichotia mimi kwa mkono wangu! Nilimgombeza dobi kwa kikoi kile. Nikamwita mwizi.

Kaja kuchukua changu au kaja kuleta chake? Au kaja tu kuniona nilivyo, kama mimi nilivyomchungulia?

Nimeshuka. Naandika kwa sababu mkono usiposhika kalamu utashika komeo.

Hodi ya pili. Taratibu, kama anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Ya tatu isipojibiwa atageuka aende zake. Ndivyo tulivyofunzwa sote, na huyu anaonekana kafunzwa. Atashuka gatini, boti ya Mtangawanda, kule Pate, itampakia na furushi lake, na mimi nitabaki na mlango wangu, nyumba yangu, nusu yangu. Ninyamaze tu. Kunyamaza si dhambi.

Na wewe chozi, huna adabu! Wiki nzima hujaonekana, umeona uje sasa hivi? Katua kwenye mkomamanga pale pale, kajining'iniza kichwa chini, anang'aa. Hatakaa. Huwa hakai.

Kutoka barazani yule mgeni hamwoni.

Namsikia anahamisha furushi mkono huu kwenda huu. Anakohoa. Na ulimi wangu, wallahi sikuutuma, umekwisha kushika lile neno la Bakr, ndoo u—